Ukiambiwa "jodari", mgeuze kwanza

Nakaanga samaki Chumbageni, hapa Tanga. Wiki haipiti bila mteja kuniuliza: "Mama, jodari na sehewa si samaki mmoja?" Si mmoja, ila kosa si lako. Pale soko la Deep Sea jina jodari limebebeshwa mengi: mchuuzi akiwa na haraka, kila samaki mnene wa mkia mwembamba ni jodari. Mvuvi akilitaja jina hilo kwa makini, anamkusudia yule wa mapezi ya njano, ambaye akikomaa huweza kupita mita 2.

Basi usibishane na jina. Mgeuze samaki. Tazama kifuani, chini ya pezi la ubavuni. Ukikuta vidoa vyeusi vichache, kama kaguswa na vidole vyenye masizi, na mgongoni mistari ya mawimbi, huyo ni sehewa. Mgongo ukiwa mtupu na michirizi imepita tumboni kwa urefu, naye tunamwita sehewa. Jodari vidoa hivyo hana, na vipezi vyake vidogo vinavyofuatana hadi mkiani ni vya njano.

Sehewa nyama yake nyeusi, ina damu. Mimi humpika mchuzi wa nazi na ukwaju. Jodari akiiva hupauka, na bei yake ni nyingine kabisa. Mwaka jana niliuziwa vipande vilivyokwisha kuchunwa, nikalipa pesa ya jodari. Kikaangoni vikawa vyeusi tii! Tangu siku hiyo kipande kisicho na ngozi sikinunui kwa jina.

Nguru hasumbui: mrefu, meno makali, mistari ya kusimama ubavuni. Ukiona vidoa na mistari ya kulala, huyo kanadi. Wakimuuza kama nguru sigombi, mdomoni sioni tofauti kubwa.

Wote hawa, na kibua pia, ni ukoo mmoja, na kasoro yao ni moja: wakikaa juani nyama hufanya histamini, kitu kinachomdhuru mlaji, na moto hauiondoi. Uso unawaka, mwili unawasha. Funua mashavu, yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Kisha uliza ametiwa barafu tangu saa ngapi. Muuzaji akianza kumsifia samaki badala ya kujibu, sogea meza ya pili.