Kuchagua vyuo vya udaktari: anza na idadi ya nafasi

Kwa wahitimu wa kidato cha sita wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hapa Tanga, ambao wengi wao hukitazama chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, peke yake: kabla ya kulipa ada ya maombi popote, fungueni mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, kisha mnakili kwenye karatasi moja kila chuo chenye Shahada ya Udaktari wa Tiba, sifa zake za chini na, lililo muhimu zaidi, idadi ya nafasi zake. Sifa za chini humruhusu mwombaji kuomba tu. Anayeingia ni yule ambaye ufaulu wake unashindana vizuri ndani ya nafasi zilizopo, na ndiyo maana mwenye B, C na C, yaani pointi 10, anaweza kuachwa ingawa ametimiza kila sharti. Baada ya hapo chagueni chuo kimoja kinachokimbiliwa na wengi, na viwili au zaidi ambavyo ufaulu wenu unazidi sifa za chini kwa mbali, mkivitazama pia vyuo vya Bugando cha Mwanza na KCMC cha Moshi, pamoja na Chuo Kikuu cha Dodoma. Njia hii haifai kwa anayesubiri awamu za mwisho za udahili, kwa kuwa nafasi zilizoandikwa huenda zimekwisha kujazwa. Haifai pia pale mzazi asipoulizwa mapema kuhusu ada, hasa ya vyuo binafsi, maana mkopo wa Bodi ya Mikopo si lazima ugharimie yote, na nafasi iliyopatikana kwa jasho hupotea kwa kukosa malipo ya mwaka wa kwanza.