Kubadilisha mkanda wa taiming wa Subaru Impreza yenye turbo, hatua kwa hatua

Mwongozo huu unahusu Impreza ya milango mitano yenye turbo, yaani S-GT na WRX STI za umbo lililotoka Japani mwaka 2007. Injini yake ni EJ20 ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na mkanda mmoja mrefu ndio unaozungusha kemshafti zote nne, yaani shafti zinazofungua valvu. Mkanda huo ukikatika, au ukiruka meno machache, pistoni hukutana na valvu zilizo wazi na kuzipinda, na kazi ambayo ingekuwa ya siku moja inageuka kuwa ya kushusha injini na kufungua hedi zote mbili.

Kabla ya kushika spana, tafuta historia ya gari. Mafundi wa Japani hubandika stika ndani ya boneti au juu ya kava la mkanda, wakaandika kilomita na tarehe ya kubadilisha. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa hesabu ya wafalme wao: ukikuta 27 ya enzi ya Heisei, jumlisha 1988 upate 2015, ikiwa ni enzi ya Reiwa, jumlisha 2018. Muda unaotajwa Japani ni kilomita 100,000. Mimi, kwa vumbi la huku kwetu na kwa kuwa mpira huchoka hata gari likiwa limeegeshwa, sisubiri kufika huko, na gari lisilo na stika nalihesabu kuwa halijawahi kubadilishwa mkanda.

Nunua seti nzima: mkanda, tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda), beringi zote pamoja na ile yenye meno, na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo huzungushwa na mgongo wa mkanda huohuo. Wateja wengi huniomba tubadilishe mkanda peke yake ili kupunguza gharama. Huwa nakataa, kwa kuwa beringi ikikwama hula mkanda mpya kama ambavyo ingeula wa zamani. Aisin, Mitsuboshi, NTN na Koyo ni majina ninayoyaamini, mradi boksi na spea iliyomo ndani vifanane.

Injini ikiwa imepoa kabisa, ondoa waya wa betri, mwaga kulanti (maji ya kupoozea injini), kisha toa feni za rejeta na mikanda ya nje. Bolti ya puli ya krenkshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hufunguliwa kwa soketi ya 22. Kwa gari la gia za mkono, ingiza gia ya juu na umwambie mwenzako akanyage breki, halafu tumia mkono mrefu wa soketi. Wapo wanaoegemeza spana kwenye chasi na kupiga stata. Nimeona rejeta ikitobolewa kwa namna hiyo. Baada ya puli, toa kava za plastiki na uhifadhi kila bolti yake, maana gari lililorudishwa barabarani bila kava hukusanya changarawe kwenye mkanda, hasa likipita njia za vumbi za pembezoni mwa mji.

Sasa tumefika mahali panapoharibu injini nyingi, kwa hiyo twende taratibu. Puli ya meno ya krenkshafti ina alama mbili. Usoni kuna mshale unaoonekana wazi, na kila anayefungua injini hii kwa mara ya kwanza huufuata. Mshale huo si alama ya kufungia mkanda. Alama sahihi ni mstari mdogo ulio nyuma, kwenye jino la bati linalosomwa na sensa, nao unatakiwa kuelekea juu ukilingana na alama ya kwenye bloku. Mara nyingi umefunikwa na mafuta na vumbi, kwa hiyo pasugue kwa brashi na petroli, uuone kwa tochi, kisha uutie rangi nyeupe. Ukiwa hapo, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, mbali na valvu. Ukifuata mshale, pistoni ya kwanza iko juu kabisa na taiming yako imepotea robo mzunguko.

Kijana mmoja aliniletea S-GT ikivutwa kwa kamba kutoka gereji nyingine. “Fundi, mkanda ni mpya kabisa, tulifuata mshale,” akaniambia. Nilipopima mgandamizo, silinda mbili hazikuwa na kitu.

Kwenye kemshafti, kila puli ina mstari mmoja unaolingana na alama ya kava la nyuma, na mistari miwili inayotazamana na mistari miwili ya puli jirani. Pande za gari huhesabiwa kutoka kiti cha dereva, kwa hiyo ukisimama mbele ya gari, upande wa kushoto ni ule ulio mkono wako wa kulia. Kemshafti za upande huo zinabanwa na springi za valvu, na mkanda ukitoka zinaweza kuruka ghafla. Zikiruka, usizizungushe ovyo: valvu za kuingiza na za kutoa zikifunguka pamoja hugongana zenyewe kwa zenyewe, hata bila pistoni. Rudisha kila moja kwenye alama kwa umbali mfupi kabisa.

Tenshena ina mafuta ndani, na haitaki haraka. Ibane ikiwa imesimama wima, kwenye presi, kwa zaidi ya dakika tatu, mpaka matundu yalingane, kisha chomeka pini ya milimita 2. Nilipokuwa mwanagenzi niliibana ikiwa imelala kwenye jiliwa, kwa nusu dakika, nikajisifu kwa wepesi. Wiki ya pili gari lilirudi likigonga kila asubuhi, nikanunua tenshena nyingine kwa fedha yangu.

Funga pampu na beringi, bolti za beringi na tenshena zikazwe kwa spana ya kupimia hadi Nm 39, halafu vaa mkanda ukilinganisha mistari yake na alama za puli. Usichomoe pini kabla hujakagua alama zote tano. Ukishaichomoa, rudisha bolti ya krenkshafti kwa muda na uzungushe injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kwa mwelekeo wa saa. Ukihisi mahali inapogoma, simama hapo hapo. Baada ya mizunguko hiyo, mistari ya mkanda haitalingana tena na puli, na hilo lisikutishe. Kinachotakiwa kulingana ni alama za puli na za injini.

Gari la gia za mkono lina kibati kidogo juu ya puli ya krenkshafti kinachozuia mkanda kuruka. Nimekuta kimetupwa zaidi ya mara moja. Kirudishe, na upime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) nafasi kati yake na mkanda iwe milimita 1, isipungue 0.5 wala kuzidi 1.5. Bolti ya puli kubwa ikazwe kwa kipimo cha injini ya mwaka husika, si kwa bunduki ya upepo.

Jaza kulanti taratibu kupitia tangi la juu, acha injini ingurume hita ikiwa imewashwa mpaka feni zizunguke mara mbili, kisha liendeshe gari mwendo mfupi, kama mimi ninavyokwenda hadi Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, na kurudi. Liache lilale. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, fungua kifuniko na uongeze kulanti iliyopungua, kwa maana hewa iliyobaki huwa imeshatoka usiku huo.