Kusomea urubani kidogo kidogo bila kuuza shamba

Mpwa wangu alinijia na karatasi ya ada ya kozi nzima, baba yake akitafuta mnunuzi wa shamba. Nikawaambia shamba libaki. Mimi nilisomea uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa awamu huku nikifanya kazi, na leo nabeba abiria.

1. Daktari kwanza. Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, uchukue cheti cha afya cha daraja la kwanza, ingawa kwa PPL, leseni ya rubani binafsi, daraja la pili linatosha. Kama macho yako hayatofautishi rangi, ujue kabla hujalipa ada.

2. Mitihani ya darasani. Imalize kabla ya kuanza kuruka. Vitabu vya mitumba vinafaa, isipokuwa vya sheria za anga.

3. PPL. Hapa ndipo pesa huvuja. Leseni yenyewe hutaka angalau saa 40 za kuruka. Nilianza nikiwa na pesa za saa 8, zikaisha, nikakaa miezi mitano chini. Niliporudi mikono ilikuwa imesahau, nikalipa saa tatu za kurudia kutua tu. Kwa hiyo weka kwanza akiba ya saa 50, kisha ruka mara tatu kwa wiki bila kukatiza.

Akiba hiyo ikae kwenye Sacco kwa jina lako, isikae chuoni. Mwenzangu alilipa ada yote mahali fulani, ndege yao ya pekee ikalala karakana miezi saba. Lipia saa tano tano, hata wakikuahidi punguzo.

Uliza pia saa inahesabiwaje. Mita ya Hobbs, ile inayohesabu saa ndani ya ndege, huanza injini ikiwaka, na kila 0.1 ni dakika 6. Asubuhi pale Wilson, Caravan, ndege ndogo za abiria wa Maasai Mara, zimepanga foleni, wewe uko nyuma yao, na tarakimu ya mwisho inageuka mara mbili kabla mnara wa kuongozea ndege haujakuita. Hizo ni dakika 12 umelipia na hujapaa. Omba zamu ya kwanza kabisa ya siku. Na chagua ndege ya Cessna 152 badala ya 172: kwa mwinuko wa Nairobi hupanda polepole, lakini hunywa mafuta kidogo.

4. Saa za CPL, leseni ya rubani wa kulipwa. Ukisoma kwa awamu unahitaji 200, na 100 kati yake ukiwa rubani mkuu. Tafuta mwenzako mgawane safari: mmoja apeleke ndege Malindi, mwingine airudishe, kila mtu aandike saa alizorusha mwenyewe tu. Safari inayotakiwa ya kilomita 540 yenye kutua viwanja viwili tofauti ni yako peke yako. Jaza logibuku, daftari la saa zako za kuruka, jioni ileile, mkufunzi atie sahihi kabla hajahama chuo.

5. Injini mbili na idhini ya kurukia ala, yaani kuruka kwa kusoma vipimo vya ndege bila kuona nje. Vifanye pamoja, mwishoni. Taratibu zote zizoee kwanza kwenye simuleta, mashine ya chini inayoigiza ndege, maana saa ya ndege ya injini mbili ndiyo ghali kuliko zote.