Ngumi isiyogusa: kurekodi pigano la dakika moja kwa simu

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanne au watano wenye simu moja, godoro moja na uwanja. Tunalenga pigano la mtindo wa Hong Kong wa miaka ya 1980: mwili mzima unaonekana, kila pigo linaeleweka, na hakuna anayeuliza steringi kazaliwa wapi. Hadithi nyembamba haijawahi kuua filamu ya ngumi. Kinachoiua ni ngumi ambayo kila mtu ameiona inapita hewani, au kamera inayotikiswa kuficha kwamba hakuna aliyefanya mazoezi.

Hatua ya 1: Wagombee kitu

Kisasi cha kaka aliyeuawa kinatosha kuwafikisha uwanjani, lakini hakitoshi kuwaweka pale dakika nzima. Wape kitu cha kugombea kinachoonekana: begi, funguo za bodaboda, simu inayoita na mtu anataka kuipokea. Kila baada ya mapigo machache kitu hicho kibadilishe mikono au kianguke mahali pabaya zaidi. Hapo benchi, ndoo na ngazi ya fundi rangi vinapata kazi. Ila ndoo itakayompiga mtu kichwani ionekane imekaa chini tangu shoti mbili tatu za nyuma. Ikizuka tu mkononi, watu watacheka mahali ambapo hukupanga.

Hatua ya 2: Panga mapigo

Dakika moja inabeba mapigo 20 hadi 25, si zaidi. Yagawe katika vikundi vya mapigo matatu hadi matano, na kati ya kikundi na kikundi weka kimya cha nusu sekunde hadi sekunde nzima: wanatazamana, mmoja anafuta mdomo, mwingine anabadilisha mkao. Pigano lisilo na vituo huonekana la polepole hata wachezaji wakikimbia.

Fanyeni mazoezi kwa nusu mwendo mkihesabu kwa sauti, mara kumi bila kukosea, ndipo mwongeze hadi robo tatu. Rekodini kwa robo tatu hiyohiyo. Sehemu ya mwendo uliobaki utaipata kwenye uhariri. Wale wa "tutajuana hukohuko" ndio wanaorudi nyumbani na pua iliyovimba.

Hatua ya 3: Simu

Achana na kamera iliyokuja na simu. Weka programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure, kisha funga vitu vinne visibadilike vyenyewe: fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/100 ya sekunde, mwangaza na rangi. Shata ya 1/50 ndiyo ya kawaida kwa fremu 25, lakini huacha ngumi ikiwa ukungu. 1/100 inaikata vizuri bila kuigeuza kuwa katuni. Kuna sababu ya pili. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukitumia 1/60 au 1/125 chini ya taa ya ndani, mistari itatambaa juu ya picha na haifutiki.

Juani saa sita simu itataka shata ya 1/1000 au zaidi, na mapigo yatakuwa ya kukwaruza. Nenda kivulini, au rekodi saa kumi na moja jioni. Kichujio cheusi cha lenzi nacho kinasaidia.

Hatua ya 4: Simama kwenye mstari

Chora mstari kutoka kwa mpigaji hadi kwa anayepigwa. Pengo lililopo kati ya ngumi na uso limelala juu ya mstari huo. Ukiweka simu ubavuni, pengo lote lipo wazi. Ukiiweka nyuma ya bega la anayepigwa, au nyuma ya bega la mpigaji, pengo linakuwa kina, na lenzi moja haioni kina vizuri. Ngumi ipite sentimita 20 hadi 30 mbele ya uso, na kwenye kioo cha simu lazima ipite juu ya kidevu. Juu ya kidevu, si karibu nacho. Simamisha mchezo, mwambie mpigaji anyooshe mkono pale ngumi inapopita, angalia kioo, sogeza simu mpaka ngumi ifunike kidevu. Sekunde kumi hizo zinaokoa shoti nzima.

Tumia lenzi ya 2x na urudi nyuma mita tatu au nne. Inabana kina, na pengo linapotea. Lenzi pana hufanya kinyume: inaonyesha pengo, lakini inakuza mwendo, kwa hiyo iweke kwa mateke ya kuruka, kukimbia na kuanguka.

Ngumi ya kuzunguka huuzika kuliko ya kunyooka, kwa sababu inakata fremu kutoka upande hadi upande. Ngumi ya kunyooka ipige tu kamera ikiwa nyuma ya kichwa cha anayepigwa. Kwa shoti pana ya ubavuni, ambayo lazima uwe nayo, weka mapigo yanayogusa kwelikweli bila kuumiza: kukinga kwa mkono, kusukuma kifua kwa nyayo juu ya pedi iliyofichwa ndani ya shati.

Na chagua upande mmoja wa mstari ukae hapo. Steringi akiwa kushoto, abaki kushoto mpaka mtazamaji amwone akivuka. Vinginevyo watu wawili wenye fulana zinazofanana watageuka mapacha.

Hatua ya 5: Anayepigwa ndiye mwigizaji mkuu

Mpe kazi hii mtu bora zaidi kikundini. Kichwa kinafuata ngumi inakoelekea, halafu mabega, halafu kiuno, ndipo miguu. Wanaoanza huanguka mwili mzima kwa pamoja kama mti uliokatwa. Wengine hufumba macho kabla ngumi haijafika. Dawa yake ni kumtazama mpigaji machoni, si mkononi, na kuanza kusogea pale tu ngumi inapokata mstari wa pua.

Pakaza unga wa ngano au poda ya mtoto kifuani mwa shati jeusi, kijiko kimoja cha chai tu. Pigo la kifua likitua, vumbi linaruka na nguvu inaonekana. Hong Kong walifanya hivi miaka mingi na bado hakuna ujanja wa kompyuta unaoushinda kwa bei hiyo.

Hatua ya 6: Kuanguka

Hakuna kuruka kutoka juu ya kiuno. Godoro liwe nje ya fremu, sponji ya inchi 8 au zaidi, na chini yake maboksi matupu ya katoni yaliyofungwa bila kubonyezwa. Kidevu kifuani, mikono isitangulie. Neno moja la kusimamisha kila kitu, lijulikane na wote, na lisiwe neno lililomo kwenye mazungumzo ya filamu: "acha" halifai, "nanasi" linafaa. Filamu ya Thailand ya 2003 iliyomtangaza Tony Jaa ilijisifu kwa kutotumia nyaya za kuwaning'iniza waigizaji, lakini kijana yule alikuwa amelelewa kwa miaka na mwalimu wake Panna Rittikrai. Msiige kwa sababu mmeitazama mara sita.

Mkirekodi mtaani, mwenyekiti wa mtaa ajue mapema, na kibali kiwe mfukoni. Panga la bati linalong'aa barabarani huleta watu wasiojua ni mchezo. Tengenezeni la boksi na karatasi ya fedha.

Hatua ya 7: Kiungo

Kiungo ni pale shoti mbili zinapounganishwa kwenye uhariri. Hapa ndipo siku huishia, basi twende taratibu.

Kwanza, kabla hujakata chochote, sawazisha fremu. Simu nyingi haziandiki fremu 25 kamili hata ukiziagiza. Kivulini hupunguza, juani huongeza. Ukiingiza video hizo moja kwa moja kwenye programu ya uhariri, sauti itaanza kuteleza, na kiungo ulichokikata kwa usahihi leo kitakuwa kimehama kesho ukifungua mradi. Pitisha kila video kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadili video, chagua fremu za kudumu badala ya zinazobadilika, na kipimo cha ubora (RF) 16 hadi 18. Anayependa kuandika amri kwenye kompyuta atumie hii ya programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i pigo03.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a aac pigo03_sawa.mp4

Tahadhari mbili. Kama simu yako ina 30 tu, usiilazimishe kuwa 25. Fremu zitadondoka bila mpangilio na teke litaruka kama kanda iliyokwama. Hariri kwa 30 mpaka mwisho. Na fanya usawazishaji kabla ya kukata. Ukikata kwanza halafu ubadilishe video chini ya mradi, unaanza upya.

Sasa kiungo chenyewe. Una shoti A, ngumi inakwenda, na shoti B, kichwa kinapokea. Kila moja ina fremu ya mguso: kwenye A ni ile ngumi ikifunika kidevu, kwenye B ni ile ya mwisho kabla kichwa hakijasogea. Ziwekee alama zote mbili. Akili ya kawaida inasema kata A kwenye mguso, anza B kwenye mguso. Ukifanya hivyo pigo litaonekana limeruka, kana kwamba kuna kitu kimeibwa. Jicho linapobadilishiwa picha hupoteza sehemu ya kumi ya sekunde hivi likitafuta pa kutazama, na ndani ya muda huo ngumi imekwisha. Kwa hiyo rudia: A iishe kwenye mguso, B ianze fremu 3 kabla ya mguso wake. Mguso unatokea mara mbili, na mtazamaji anauona mara moja.

Fremu 3 ni mahali pa kuanzia tu. Ukitoka shoti pana kwenda ya karibu, 2 zinatosha, maana uso umejaa kioo na jicho halitafuti. Ukitoka ya karibu kwenda pana, weka 4. Kama kidevu kilikuwa kulia kwa kioo kwenye A na kimehamia kushoto kwenye B, hata 5 hazitaokoa. Kuza B kidogo na uisogeze mpaka videvu vikae karibu mahali pamoja. Ukizidisha 6, watu wataona marudio. Marudio ya makusudi ni jambo lingine: mwaka 1985 Jackie Chan alipoteleza kwenye nguzo yenye taa ndani ya jengo la maduka, tukio lilirudiwa mara tatu mfululizo kwa engo tofauti, na hakuna aliyelalamika. Hilo liweke kwa stanti moja, ile iliyogharimu kweli.

Pigo bado laini? Toa fremu moja kwenye A, ile iliyo kabla kabisa ya mguso. Ngumi itaruka pengo dogo na jicho litaita hiyo kasi. Ukitoa mbili inakubalika, tatu ni kasoro.

Mwendo unaongezwa mwisho. Wakati wa mikanda ya filamu, mapigano ya Hong Kong mara nyingi yalirekodiwa kwa fremu 22 kwa sekunde na kuonyeshwa kwa 24, yaani asilimia 109 ya mwendo halisi. Kaa kati ya 108 na 112, na uongeze kila shoti peke yake, si pigano zima. Kinachokusaliti si mikono, ni vitu vinavyoanguka: unga, maji, nywele, pindo la shati. Vitazame hivyo. Unga ukidondoka kama mchanga, punguza.

Mtego mmoja zaidi: ukibadilisha mwendo baada ya kukata, zile fremu 3 ulizohesabu si 3 tena. Ongeza mwendo, kisha urekebishe viungo vyote upya. Ndiyo, vyote.

Kwa programu, DaVinci Resolve ya bure inaonyesha fremu moja moja bila ubishi na ndiyo ya kutumia kama una kompyuta inayoibeba. Programu za simuni hufaa kwa video ya harusi. Ukizikuza mpaka fremu moja, kidole kinaziba unachokitafuta.

Hatua ya 8: Sauti

Tupa sauti ya uwanjani yote isipokuwa pumzi na miguu. Kila pigo lijengwe kwa tabaka tatu. Mvumo: fimbo nyembamba ikichapwa hewani sentimita 30 kutoka kwenye maiki, upande wa maiki, si mbele yake, upepo usije ukaipiga. Ianze fremu 4 kabla ya mguso. Mlio mkali: mkanda wa ngozi uliokunjwa ukivutwa ghafla, au bua la muhindi likivunjwa. Uzito: ngumi juu ya mto uliolowa kidogo. Viwili hivi viwekwe kwenye mguso wa B, siyo wa A. Hili hukosewa kila siku, na ndipo watu husema "sauti imewahi" bila kujua kwa nini.

Usitumie mlio mmoja kwa mapigo yote. Tengeneza sita na uzungushe, na pigo la mwisho la kila kikundi liwe zito kuliko yaliyotangulia. Kwenye zile nusu sekunde za kimya usijaze muziki, acha pumzi.

Milio yote ya mapigo ikae kwenye mkondo wake, mbali na mazungumzo na muziki. Filamu za namna hii huku kwetu huishia kwa mtu anayezisimulia juu kwa juu, kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda umiza, au VJ Emmie kwenye filamu za Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala. Msimuliaji akiingia atashusha muziki na maneno yako; mapigo yakiwa peke yao atayaacha yalie. Toa nakala mbili: moja kamili, moja yenye mapigo na miguu tu.