Namna ya kupata na kutumia dawa iliyochanganywa na mfamasia kwa ajili ya mgonjwa mmoja

Mtoto wa kilo 5 mwenye ugonjwa wa moyo anapoandikiwa miligramu 5 za spironolaktoni, dawa ya kupunguza maji yaliyozidi mwilini, ilhali kidonge kilichopo ni cha miligramu 25, mzazi asikikate kwa wembe vipande vitano, kwa sababu vipande hivyo havilingani, na unga unaobaki kwenye sahani nao ni dawa. Kazi hiyo ni ya mfamasia. Husaga vidonge 10 kwa kinu na mchi, huongeza kimiminika maalumu kidogo kidogo hadi mchanganyiko ufike mililita 50, na hapo kila mililita 1 hubeba miligramu 5.

Kabla ya kuomba dawa ya namna hii, muulize daktari kama ipo ya kiwandani inayomfaa mtoto, mathalani ya maji au kidonge kinachoyeyuka. Ikiwapo, chukua hiyo, kwa kuwa dawa ya kuchanganywa haikupitia vipimo vya kiwandani. Ikikosekana, nenda na cheti chenye jina la dawa, kipimo kwa miligramu na uzito wa mtoto uliopimwa siku hiyo. Anayetoka Makete au Chunya aulize mapema katika famasi ya hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kwani duka la dawa muhimu la kijijini halina mfamasia wala vifaa vya kazi hii. Sindano na dawa ya matone ya macho zinahitaji chumba maalumu kisicho na vijidudu. Mwaka 2012 nchini Marekani, sindano zilizochanganywa zikiwa na kuvu ziliua watu zaidi ya 60.

Ukikabidhiwa chupa, isome kabla hujaondoka dirishani. Niliwahi kuletewa chupa iliyoandikwa tu "kijiko kimoja mara mbili", na mama aliyeishika hakuweza kunieleza mtoto wake anakunywa miligramu ngapi. Ilinisikitisha sana, maana kosa halikuwa lake. Lebo ni lazima itaje jina la mtoto, jina la dawa, miligramu zilizomo katika kila mililita, kiasi cha kunywa, tarehe ya kuchanganywa na tarehe ya mwisho ya kutumia, ambayo mara nyingi ni wiki chache tu. Namba ya miligramu kwa mililita ndiyo ya kuangaliwa zaidi, na iangaliwe upya kila upewapo chupa nyingine: ikitoka 5 ikawa 10 na wewe ukaendelea kuvuta mililita ileile, mtoto amekunywa maradufu.

Omba bomba la sindano lisilo na sindano, umwombe mfamasia akuwekee alama ya kalamu pale unapopaswa kuishia, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani. Kila mara tikisa chupa hadi unga uliotuama chini uinuke wote. Usipotikisa, mtoto atakunywa maji matupu wiki ya kwanza, na siku za mwisho atakunywa dawa nzito kupita kiasi, kwenye chupa ileile.

Kuhusu kuhifadhi, sema wazi kama huna jokofu kabla dawa haijachanganywa, ili mfamasia achague mchanganyiko unaostahimili au akupe chupa ndogo. Baridi ya Njombe ya mwezi Julai haichukui nafasi ya jokofu, kwani chupa iliyolala dirishani kwenye baridi hupigwa na jua mchana. Safarini isikae kwenye dashibodi ya Kosta, wala nyumbani isikae karibu na jiko, na mwenye jokofu asiiweke sehemu ya kugandishia.

Mtoto akitapika mfululizo, akilegea kuliko kawaida, au dawa ikibadilika rangi au harufu, usimpe tena, mpeleke hospitali na chupa yake. Siku ya kliniki nayo njoo na chupa, hata ikiwa tupu, pamoja na bomba lake, na mtoto apimwe uzito kwanza ndipo nyingine ichanganywe.