Kabla Hujafunga Safari ya Katavi

Anayepanga kwenda Katavi kwa mara ya kwanza huuliza kuhusu simba. Mimi humshauri aanze na swali jingine: nikipata shida huko ndani, nani atanifikia, na baada ya saa ngapi? Hifadhi hii ya magharibi mwa Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1974, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,400, na unaweza kuzunguka siku nzima usikutane na gari lingine. Huo ndio utamu wake. Huoni msururu wa magari umemzunguka chui mmoja. Ila upweke huohuo unakudai uwe umemaliza maandalizi yako Mpanda, kabla hujafika Sitalike yalipo makao makuu ya hifadhi.

Msimu ndio unaoamua mengine yote. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, Mto Katuma hukauka na kubaki madimbwi, na viboko husongamana kwenye tope mmoja juu ya mwenzake, wakigombana kutwa nzima. Mamba nao hujificha kwenye mapango ya kingo za mto kusubiri mvua. Ukistahimili joto na vumbi, nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Sijui sehemu nyingine nchini inayokuonyesha kiu ya porini waziwazi namna hiyo. Mvua zikishika, udongo mweusi wa tambarare za Katisunga na Chada hugeuka ulimbo, na hata gari la fobaifoo hunasa.

Kuhusu gari, chukua matairi mawili ya akiba, jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuiwekea chini, koleo, kamba ya kuvutia na mafuta ya ziada kwenye madumu. Jaza tangi Mpanda. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa kila mtu kwa siku, na ongeza ya siku mbili ambazo huzitarajii. Mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako: utalala wapi, utatoka lini, na apige simu kwa nani usiporudi. Malipo ya kiingilio shughulikia mapema kwa kumbukumbu namba, usitegemee fedha taslimu langoni. Mifuko ya plastiki iache, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Sasa mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Huyu ndiye atakayekusumbua kuliko mnyama yeyote, hasa gari linapopita kwenye miombo. Huvutwa na kitu kinachotembea na rangi iliyokolea, bluu na nyeusi kupita zote. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi jinzi yako ya bluu ibaki nyumbani. Vaa kaki au kijivu kisichokolea, mikono mirefu, kitambaa kizito, kwa kuwa mdomo wake hupenya shati jepesi. Dawa za kupaka zinazofukuza mbu hazimtishi sana. Funga vioo mnapopita vichakani, mkivumilia joto, na mfungue mkifika uwanda wa wazi.

Mbu naye yupo. Wakazi wa nyanda za baridi kama Njombe au Arusha wasijidanganye kwamba ni wazoefu wa malaria kwa sababu tu ni Watanzania. Kinga hupungua usipoishi kwenye maambukizi. Muulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Baadhi huanza siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki nne baada ya kurudi, na watu wengi huziacha wakishafika nyumbani.

Kambini, kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Giza likiingia, kaa ndani ya hema hadi kuche. Weka ndoo humo kwa haja ndogo, hata kama mnaona aibu. Chakula kilale garini, hasa matunda, kwa sababu tembo huyanusa kutoka mbali. Kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha tu. Akiumwa mtu na nyoka, msichanje wala msinyonye sumu. Tulizeni kiungo, msimtembeze, mkimbizeni hospitali.

Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambao wenyeji huamini ni makao ya mzimu wa Katabi, aliyeipa hifadhi jina lake. Watu huacha sadaka pale. Usiziguse, na waambie watoto mapema.

Mwisho, jichunguze kwa wiki tatu baada ya kurudi. Ukishikwa na homa na kichwa kuuma, au ukiona kidonda pale ulipoumwa na mbung'o, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na malale ya upande wetu wa Afrika huzidi makali haraka. Usisubiri daktari akuulize ulikotoka: mwambie umetoka Katavi, uliumwa na mbung'o, na uombe damu yako iangaliwe kwa hadubini.