Hesabu ya mahindi kabla dalali hajafika

Mahindi yakianza kukauka tambarare ya Moshi, kuanzia Kahe hadi Mabogini, madalali hupita wakiuliza: ekari itatoa magunia mangapi? Wengi hujibu kwa kuangalia mistari ya kando ya barabara. Pale ndipo mahindi huwa mazuri, kwa sababu ndipo palipopaliliwa vizuri.

Wastani hupatikana kwa kujumlisha namba zote, kisha kugawanya jumla kwa idadi yake. Hilo ni jepesi. Ugumu uko katika kuchagua namba za kujumlisha.

Kama ulipanda kwa mistari ya sentimita 75, pima kamba ya mita 13 na sentimita 30. Urefu huo kwenye mstari mmoja ni takribani mita za mraba 10. Ingia shambani, tembea kwa mshazari, na kila baada ya hatua ulizokwisha kuzipanga nyoosha kamba, hesabu magunzi yenye punje. Usichague mahali. Kamba ikiangukia penye udongo wa magadi, hesabu hivyo hivyo.

Tuseme umepata 43, 39, 44, 12 na 37. Jumla ni 175. Gawanya kwa 5, wastani ni magunzi 35. Ekari ina takribani mita za mraba 4,000, yaani vipande 400 vya mita za mraba 10, kwa hiyo tarajia magunzi 14,000. Ile 12 inauma, najua, na mkono unataka kuifuta. Ukiifuta, wastani unapanda hadi karibu 41. Hata palipotoka sifuri, iandike, na ugawanye kwa 5 vile vile.

Uzito nao uchukue kwa haki: gunzi la tatu la kila mstari, liwe kubwa liwe dogo. Pukuchua magunzi 20, anika punje zikauke sawasawa, pima. Zikiwa kilo 2.2, kila gunzi lina gramu 110. Ekari ni kilo 1,540, yaani magunia 15 ya kilo 100 na ziada kidogo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni hesabu nyingine kabisa.

Mwenye mashamba mawili aangalie zaidi. Ekari 1 ya karibu na nyumbani ikitoa magunia 20, na ekari 3 za tambarare zikitoa 12 kila moja, usiseme wastani ni 16. Jumla ni magunia 56. Gawanya kwa ekari 4, unapata 14. Ukimwahidi dalali 64, yaani 16 mara 4, magunia 8 hayapo.